SAUTI ISIYO NA USO

Mchezo wa redio hauna uso. Msikilizaji haoni rangi ya mtu, haoni mavazi yake, wala haoni nyumba anamokaa. Anachopewa ni sauti peke yake: mlango unaofungwa, gari linalowashwa, mtu anayehema gizani, na maneno. Kwa sababu hiyo wako wanaodhani kwamba mchezo wa sauti ni mahali salama kuliko pote pa kusimulia habari za ugaidi na chuki za rangi, maana pasipoonekana rangi hapawezi kuwa na ubaguzi. Sisi twasema dhana hiyo ni kosa, tena kosa la hatari. Katika mchezo wa sauti rangi haipotei. Huhama kutoka ngozini ikaingia katika lafudhi.

Yatupasa kulisema jambo hili sasa, kwa kuwa mchezo wa sauti umerudi kwa njia mpya. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, na ilipokuwa Redio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965 ikaendelea kuwakusanya watu barazani kusikiliza michezo. Wazee wetu hawajamsahau Pwagu wala Pwaguzi. Redio ilikuwa moja na masikio yalikuwa mengi. Aliyecheka alicheka pamoja na jirani yake, na aliyekasirika alikasirika mbele ya watu. Leo kijana wa Kawe hupanda daladala kwenda mjini na simu mkononi na hedifoni masikioni. Husikiliza peke yake katikati ya watu. Na miongoni mwa anavyovisikiliza imo michezo ya taharuki: bomu limetegwa, saa inakwenda, askari wanamsaka mtu, na mji umegawanyika kwa rangi na asili, hakuna amwaminiye mwenzake.

Wako wenzetu wanaosema michezo ya namna hiyo isitangazwe kabisa katika nchi yetu. Hukumbusha kwamba aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Twaiheshimu hofu yao, maana ni hofu ya watu wanaoipenda amani. Lakini hatukubaliani nao, kwa kuwa jambo lenyewe halikulala.

Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, baada ya saa nne na nusu asubuhi, lori lililojaa baruti lililipuka nje ya Ubalozi wa Marekani hapa Dar es Salaam, wakati mmoja na bomu jingine lililowaua watu zaidi ya 200 katikati ya Nairobi. Hapa kwetu walikufa watu 11. Lori la maji lililokuwa langoni lilizuia sehemu ya nguvu ya mlipuko, ama sivyo maafa yangalikuwa makubwa zaidi. Wale waliotega bomu walisema wanapigana na Marekani. Lakini katika maiti za Dar es Salaam hapakuwa na Mmarekani hata mmoja. Walikuwamo walinzi waliosimama langoni, watu wa mshahara, waliotoka majumbani mwao asubuhi kutafuta riziki ya watoto wao.

Mfanyakazi yeyote anayesoma gazeti hili na aitafakari habari hiyo. Bomu la gaidi hutangaza vita juu ya wakubwa wa dunia, kisha huwaua mabawabu. Huo ndio ukweli wa kwanza ambao mchezo wowote wa ugaidi ukiuficha huwa umesema uongo, hata kama kila neno lililotamkwa ndani yake lingekuwa sahihi.

Ukweli wa pili ni mgumu zaidi. Waliotuhumiwa kwa uovu ule hawakuwa wageni watupu walioshuka kutoka mbali. Miongoni mwao walikuwamo Wamisri, Wakenya na Watanzania. Watanzania wawili walihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya New York, mmoja mwaka 2001 na mwingine mwaka 2011. Nyumba iliyotumiwa katika matayarisho ilikuwa ya kupanga, huko Ilala, yenye majirani. Mtunzi wa mchezo akimpa muuaji lafudhi ya mbali ili sisi tupumue na kusema, "Huyu si wetu," atakuwa ametubembeleza. Na akimpa lafudhi ya watu fulani wa hapa petu, ili kila anayesema Kiswahili cha namna ile atazamwe kwa shaka kesho yake sokoni, atakuwa amefanya vibaya zaidi: atakuwa amemsaidia gaidi kazi yake.

Tueleze maana ya maneno hayo. Sisi ni watu wa utani. Tumezoea kumcheka mwigizaji anayemwiga mwenye duka wa Kihindi, au mlinzi wa Kimasai, au Mpemba, au mtu wa bara aliyefika pwani juzi. Kicheko hicho si dhambi. Lakini utani wa kwetu una sheria yake, nayo ni kwamba mtani hujibu. Ukinitania leo msibani, nami nitakutania kesho harusini, tukawa sawa. Katika mchezo wa redio anayeigwa hana nafasi ya kujibu. Na mchezo ukihama kutoka vichekesho ukaingia katika taharuki, lafudhi ile ile iliyotuchekesha jana hutufundisha kuogopa leo. Sikio limekwisha kuzoeshwa, halihitaji hoja. Likisikia tu jinsi mtu anavyotamka neno, huhukumu kabla akili haijaamka.

Wala hatusemi haya kwa kubahatisha. Majirani zetu wa Rwanda walilipa gharama yake kwa damu. Redio iliyoitwa RTLM ilianza kutangaza Julai 1993. Haikuanza kwa kupiga kelele za vita. Ilipiga muziki mzuri, ikafanya mizaha, ikazungumza kama watu wanavyozungumza kilabuni, na vijana wakaipenda. Ndani ya mizaha hiyo raia wa nchi moja waliitwa mende. Mwaka 1994, mauaji yalipoanza, redio hiyo hiyo ilitaja watu na mahali walipo ili wauaji wawafuate. Mwezi wa Desemba 1993 mtu angeweza kusema kwamba ile ni mizaha tu. Mwezi wa Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha, katika ardhi yetu wenyewe, iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti lililoeneza chuki kama hiyo. Sisi tushikao kalamu na vipaza sauti hatuna budi kuikumbuka hukumu ile kila asubuhi kabla hatujaanza kazi.

Hata hivyo chombo kilichobomoa kiliwezwa pia kujengea. Mwaka 2004 ulianza kutangazwa nchini Rwanda mchezo wa redio uitwao Musekeweya, yaani Mapambazuko Mapya, habari za vijiji viwili vyenye ugomvi. Ndani yake uchochezi haukufichwa: wasikilizaji walionyeshwa jinsi chuki inavyopikwa hatua kwa hatua, nani anafaidika nayo, na jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kukataa. Mtaalamu wa saikolojia, Elizabeth Levy Paluck, aliwapima wasikilizaji wake baada ya mwaka mmoja, akiwalinganisha na wengine waliosikiliza mchezo wa mambo ya afya. Alichokiona chafaa kuzingatiwa. Imani za watu moyoni hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni fikira zao juu ya yale ambayo wenzao wanayaona kuwa ni sawa, na jinsi walivyotenda. Walipopewa kaseti na betri ziwe mali ya kijiji, wale waliousikiliza Musekeweya walielekea zaidi kuamua kuzitunza na kuzitumia kwa pamoja, badala ya kumwachia mkuu wa mahali.

Basi mchezo mzuri hauingii ndani ya moyo ukaufua kama nguo. Humwonyesha mtu kwamba hayuko peke yake katika kutaka mema, ndipo apatapo ujasiri wa kuyatenda mbele ya wenzake.

Lakini lipo onyo, nalo laja kutoka nchi inayosema Kiswahili kama sisi. Mashariki ya Kongo ulitangazwa mchezo ulioitwa Kumbuka Kesho, uliokusudia kupunguza ugomvi. Katika sehemu nyingine uliwekewa baada yake kipindi cha mazungumzo, ili wasikilizaji wachochewe kujadiliana. Mtaalamu yule yule alilinganisha sehemu hizo na zile zilizosikia mchezo peke yake, akatoa matokeo mwaka 2010. Waliopata kipindi cha mazungumzo walijadiliana zaidi, kama ilivyotarajiwa. Lakini walizidi pia kuyashika manung'uniko yao, walipungua uvumilivu, na hawakuwa wepesi wa kuwasaidia watu wasiowapenda. Kumbe mazungumzo matupu, yasiyo na mwongozo wala kazi ya kufanya pamoja, yaweza kuwa kama kuchokoa kidonda kwa mkono mchafu. Wale wanaofikiri kwamba yatosha kurusha mchezo wa kutisha hewani, kisha kufungua simu ili kila mtu aseme lake, wajifunze kwa ndugu zetu wa Kongo.

Tumeitaja Kawe kwa sababu. Kawe ni jirani wa Lugalo, na Lugalo zamani ikiitwa Colito. Asubuhi ya tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi hiyo. Walitaka mshahara ulio bora, na walitaka maofisa Waingereza waondoke. Wiki mbili kabla ya hapo, tarehe 7 Januari, Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza kwamba raia wa Tanganyika asipendelewe wala asibaguliwe katika kazi ya serikali kwa ajili ya rangi yake, na tangazo hilo halikuwapendeza baadhi ya viongozi wa vyama vya wafanyakazi. Siku ile ya maasi, mji ulipokosa mwenyewe, uporaji ulizuka. Maduka ya Wahindi na ya Waarabu yalivunjwa, na watu waliuawa.

Mfanyakazi mwenye haki ajiulize: mwenye duka wa Kariakoo ndiye aliyepanga mshahara wa askari wa Colito? Siye. Dai la mshahara lilikuwa na mwenyewe wa kudaiwa. Lakini hasira ilipokosa kumfikia mwenyewe, ilimgeukia jirani aliyekuwa karibu na aliyekuwa na rangi nyingine. Tena waliopoteza si wenye maduka peke yao. Baada ya maasi viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa, na shirikisho lao la zamani likavunjwa mwezi uliofuata. Chuki ya rangi ni mkopo wenye riba. Anayeulipa mara nyingi ni mnyonge aliyedhani amepewa bure.

Hapo ndipo ugaidi na chuki za rangi huunganika, na hapo ndipo mtunzi mwenye akili atakapoupata mchezo wake. Kazi ya mchochezi ni moja siku zote: huchukua manung'uniko ya kweli, kama vile njaa, kukosa kazi, kudharauliwa na mwenye cheo, huyaondoa kwa anayestahili kuulizwa, na kuyapeleka kwa jirani asiye na hatia. Mchezo utakaoonyesha safari hiyo hatua kwa hatua, tangu kijana aliyekosa kazi mpaka siku anapopewa mzigo asioambiwa una nini, utakuwa na taharuki kuliko milio elfu ya risasi. Wala hautahitaji kumpa mtu yeyote lafudhi ya kuchekesha.

Mtunzi huyo asiogope pia kusimulia makosa ya wenye nguvu. Mwezi wa Aprili 2014, miezi michache baada ya watu 67 kuuawa katika duka kuu la Westgate, Nairobi, polisi wa Kenya waliwakusanya maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, wakawapeleka uwanja wa Kasarani. Mama na mtoto walishikwa kwa sababu ya sura na asili yao. Twaelewa uchungu wa taifa lililopigwa. Lakini serikali inayomkamata mtu kwa asili yake humwambia kijana wa asili ile maneno yale yale aliyoambiwa na gaidi: kwamba hapa si kwao. Sisi nasi tunayo sheria ya kuzuia ugaidi tangu mwaka 2002. Sheria ni ngao. Na ngao ikishikwa kwa upofu humwangusha aliye nyuma yake.

Na kama yuko anayedhani kwamba watu wema hawaleti taharuki katika mchezo, na aikumbuke habari ya Mandera. Tarehe 21 Desemba 2015 watu wenye silaha walilisimamisha basi kaskazini ya Kenya, wakawataka abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo vitambaa vya kujifunika ili wasitambulikane. Abiria waliwaambia wale watu kwamba ama wawaue wote ama wawaache wote. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi, akafa mwezi wa Januari 2016. Mwaka 2017 ilitolewa filamu fupi juu ya tukio hilo, nayo ikaitwa kwa Kiswahili chetu, Watu Wote, na mwaka uliofuata ikawamo miongoni mwa zilizowania tuzo ya Oscar. Je, tungojee wageni waje kuzikusanya habari zetu njema, nasi tubaki kununua habari za kutisha kutoka kwao?

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Michezo ya sauti juu ya ugaidi na chuki za rangi itungwe, tena itungwe hapa, na vijana wetu, kwa Kiswahili safi. Lakini ifuate masharti ambayo si ya serikali wala ya polisi, bali ya utu.

Kwanza, mwovu atambulikane kwa matendo yake. Mtunzi ajipime hivi: awabadilishie wahusika wake lafudhi, mwovu aseme kama shujaa na shujaa aseme kama mwovu. Mchezo ukiendelea kusimama, umejengwa juu ya matendo. Ukianguka, ulikuwa umejengwa juu ya ubaguzi.

Pili, mchezo usijivike joho la taarifa ya habari. Mwezi wa Februari 1949, mjini Quito katika nchi ya Ecuador, redio ilitangaza mchezo wa uvamizi kana kwamba ni habari za kweli. Watu walikimbia ovyo kwa hofu. Walipogundua wamedanganywa, waliichoma moto nyumba ya redio, na watu wakafa. Siku hizi hatari hiyo ni kubwa zaidi, kwa kuwa kipande cha sauti chaweza kukatwa, kikatumwa kutoka simu hadi simu bila jina la mwenyewe, na usiku mmoja kikafika Temeke, Mbagala na Bunju kikiitwa ushahidi. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Sisi twaongeza kwamba lisemwalo na mtu asiyejitaja jina liulizwe kwanza limetoka wapi.

Tatu, waliokufa wapewe sauti. Bawabu wa ubalozini awe mtu mwenye nyumba, madeni, utani na matumaini, kabla hajawa hesabu. Mchezo unaomjua muuaji kwa jina na kumwita aliyeuawa "mlinzi mmoja" umekwisha kuchagua upande.

Nne, mchezo usihubiri. Msikilizaji wetu si mtoto. Akisikia hotuba imevaa nguo za mchezo atazima simu. Na aachwe ahofu, ashuku, hata amshuku asiye na kosa. Kisha mchezo umwonyeshe alimshuku kwa sababu gani.

Tano, matawi yetu ya Chama, vyama vya wafanyakazi na vikundi vya vijana visikilize pamoja, na baada ya kusikiliza vifanye jambo pamoja. Somo la Kongo lisipotee. Kama mchezo umewasikitisha watu wa Kawe, basi wasiishie kugombana juu ya nani ana kosa. Waulize: katika mtaa wetu ni nani asiyetembelewa? Ni kijana gani amekosa kazi na amekosa wa kusema naye? Ni mpangaji gani ambaye hatujui hata jina lake, wala yeye hajui letu? Ujirani ni ulinzi. Lakini ulinzi huo ni wa kumjua mtu, si wa kumpeleleza kwa ajili ya jinsi anavyotamka maneno.

Kawe yaujua ujirani wa namna hiyo. Kiwanda cha Tanganyika Packers kilipokuwa kikifanya kazi, kazi haikumwuliza mtu kabila lake kabla ya kumlipa jasho lake. Kiwanda kimekwisha kufungwa, jina limebaki. Na watu wamebaki, misikiti na makanisa yakisikilizana, wavuvi, askari wastaafu, wachuuzi na wenye majumba makubwa wakitumia barabara moja. Haya si mambo ya kujisifia tu. Ni mali, na kila mali ina mwizi wake.

Mwezi wa Oktoba 1961, kabla hata bendera yetu haijapanda, wako Wabunge waliotaka uraia wa nchi hii ufuate rangi. Mwalimu aliwaambia kwamba serikali yake ingejiuzulu kuliko kulikubali jambo hilo. Alikuwa tayari kuupoteza uongozi wiki chache kabla ya Uhuru kuliko kuwa na Uhuru wa namna ile. Watunzi wetu wa leo hawaombwi kupoteza kiasi hicho. Wanaombwa tu kukataa njia ya mkato: kutomfanya jirani awe bomu kwa sababu ya sauti yake. Nasi wasikilizaji twaombwa, kila tusikiapo sauti isiyo na uso, tusiwe wepesi wa kuichorea uso wa mtu tunayemchukia.